Msinakili Diski Hiyo Bado

Kama ofisini kwenu wiki hii zimefika kompyuta ishirini za aina moja, na kijana wa TEHAMA ameshaandaa moja ili aikopi kwenye zote, mwambieni asubiri. Asubiri hata kama meneja anampigia simu kila baada ya dakika kumi. Asubiri hasa ikiwa kati ya hizo ishirini ziko tatu au nne ambazo mtandao wake unasuasua na hakuna anayejua kwa nini.

Naandika kwa haraka kwa sababu msimu wenyewe ndio huu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi mashine nyingi za zamani: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Basi shule, zahanati na ofisi ndogo zinanunua kompyuta kwa mafungu, mpya kwa wenye uwezo, za mtumba kwa sisi wengine. Fungu moja, modeli moja, rangi moja. Fundi akiziona hivyo roho yake inatulia. Atapiga Windows kwenye moja, ataweka programu zote, kisha diski hiyo atainakili kwa wenzake, na kazi ya siku tano itaisha jioni moja. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na nitaendelea kufanya. Ila ukinakili diski unanakili vyote vilivyomo, na ugonjwa ukiwemo nao unapanda gari hilo hilo.

Niliitwa SACCOS moja ya Morogoro, jina naliacha. Aliyenipigia ni meneja, mama wa makamo anayejua hesabu kuliko kompyuta yoyote aliyonunua.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wenzio wametuletea kompyuta ishirini na nne. Kumi na saba zinakwenda vizuri, saba zimegoma kama punda. Wanachama wamejaa hapa nje wanataka kuchukua akiba zao. Njoo leo.”

Nilimkuta kijana wao wa kompyuta ametoa jasho, amezungukwa na maboksi. “Kaka,” akaniambia kabla sijakaa, “mashine haziwezi kuwa na tatizo, zote pacha. Huu ni mtandao tu. Si unajua mkongo wa baharini ulivyo siku hizi.”

Simlaumu. Tangu tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikahisi, mkongo wa baharini umekuwa jibu la kila swali. Lakini mkongo hauhusiki na safari ya kutoka dirisha la mhasibu hadi kabati la ruta, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa inachelewa. Nilikaa kwenye mojawapo ya zile saba nikaandika amri ya ping kuelekea ruta yao wenyewe, nikaiacha itume pakiti mia mbili. Kwenye mashine nzima jirani yake kila jibu lilirudi chini ya milisekunde moja. Kwenye hii majibu yalikuwa 4, kisha 180, kisha 250, kisha 3, kisha 312.

Kwa asiyezoea namba hizi, apime hivi. Ndani ya nyuzi za mkongo mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, yaani Dar es Salaam hadi Morogoro, mizani ya Mikese ukiwa umeshaipita. Kwa milisekunde 250 ungekuwa umekwenda kilomita 50,000, umeizunguka dunia na bado una chenji mfukoni. Pakiti yetu ilitumia muda huo kuvuka chumba na kurudi. Pakiti ya namna hiyo haikupotea njia. Kuna mahali ilikalishwa ikisubiri.

Basi nikauliza kilichokwisha kufanyika. Kijana alikuwa amepiga Windows upya kwenye tatu kati ya zile saba. Haikusaidia. Kisha rafiki yake akampa flashi yenye programu ya bure inayodai kusasisha draiva zote (programu zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa) kwa mbofyo mmoja. Akaiweka kwenye zile tatu. Moja ikaonekana kuchangamka kidogo, ndiyo akaipanga iwe mashine mama, diski yake inakiliwe kwenye zote ishirini na nne usiku huo. Nilipofungua kivinjari chake, mbele ya kila kitu ulitokea ukurasa wa kubeti. Nikafungua tena, ukurasa ule ule. Kijana akacheka kwa aibu. “Hilo tangazo tu, kaka.”

Hapo ndipo nilipochomoa waya wa mtandao kwenye ile mashine, na hapo ndipo penye sababu ya tahadhari hii. Saba zilizokuwa zinachelewa zilikuwa kero. Ishirini na nne zenye programu isiyojulikana mwenyewe, zote zikifungua akaunti za akiba za watu, ni balaa la namna nyingine kabisa.

Watu hawaelewi draiva inakaa wapi. Programu ya kuandikia barua ikiharibika, unaifunga na maisha yanaendelea. Draiva huishi kwenye kiini cha mfumo, inapumua hewa moja na Windows yenyewe, inaona kila kinachopita. Ukimruhusu mtu usiyemjua akuwekee draiva, umempa ufunguo wa stoo pamoja na wa chumba cha kulala. Hata anayeaminika anaweza kuteleza humo ndani. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi, ilituma sasisho dogo lenye kasoro kwa wateja wake. Lilitoka saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu na likaondolewa dakika 78 baadaye. Kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 ziliangushwa, ndege zikabaki chini na hospitali zikarudi kwenye karatasi. Zote zilianguka namna moja kwa sababu zote zilipewa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hao walikuwa wataalamu wenye maabara. Wewe una flashi ya rafiki.

Turudi Morogoro. Mashine pacha zina neema moja ambayo mafundi wengi wanaitupa: ukiwa na mgonjwa na mzima wanaofanana, huhitaji kubahatisha. Unabadilishana kitu kimoja baina yao, unatazama ugonjwa unakwenda wapi. Kimoja tu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakakaa sawa, hutajua kilichoponya, na kesho utanakili vyote vitatu.

Tulianza na waya. Mashine gonjwa tukaihamishia kwenye waya na tundu la swichi la jirani yake mzima. Ugonjwa ukahama naye. Jirani aliyekalia waya wa mgonjwa akabaki mzima. Waya na swichi vikatoka kwenye orodha ya washukiwa kwa dakika tatu, bila kununua kitu. Kisha tukabadilishana diski. Diski ya mzima ikaingia kwa mgonjwa: bado milisekunde mia mbili na ushee. Diski ya mgonjwa ikaingia kwa mzima: chini ya moja. (Mkijaribu hili kwenye Windows 11, hakikisheni kwanza mna ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, la sivyo diski itajifunga na mtaanza kesi ya pili.) Kwa hiyo diski peke yake haikuwa na hatia, na ndiyo maana kupiga Windows upya hakukusaidia kitu. Lilikuwa jambo la mashine yenyewe. Na mashine ni pacha.

“Sasa kaka, tofauti iko wapi?” kijana akauliza.

Nikamwambia afungue dirisha la Device Manager kwenye zote mbili, aende kwenye kadi ya mtandao, afungue ukurasa wa maelezo, asome namba za utambulisho wa kifaa. Ni mstari mrefu usiovutia. Unaanza na VEN na namba ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek. Unafuata na DEV, namba ya chipu. Mwishoni kabisa iko REV, namba ya toleo. Alisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama karani anayelinganisha stakabadhi. VEN sawa. DEV sawa. REV akanyamaza.

Hazikuwa sawa. Kumi na saba zilikuwa na toleo moja la chipu, saba zilikuwa na jipya zaidi. Kiwanda kilibadilisha chipu katikati ya uzalishaji bila kubadili jina la modeli, jambo la kawaida kuliko wanunuzi wanavyodhani. Diski iliyonakiliwa na muuzaji kwenye zote ilikuwa na draiva ya zamani iliyotangulia toleo hilo. Windows ilisoma VEN na DEV, ikaona ni za familia, ikaikubali, bila alama yoyote ya njano. Kadi ikafanya kazi, lakini kwa usingizi.

Usingizi huo una dalili yake, na ningependa kila fundi aijue. Nilianza kunakili faili kubwa kutoka kwenye seva kwenda kwenye ile mashine gonjwa huku ping ikiendelea dirishani. Mtu angetarajia hali iwe mbaya zaidi kwa sababu njia imejaa. Ikawa kinyume. Namba zikashuka ghafla: 1, chini ya 1, chini ya 1. Faili ilipokwisha, sekunde chache za kimya, halafu 140, 260, 198. Ukiipa kazi inachangamka, ukiiacha inasinzia. Mashine ikifanya hivyo, mshukiwa wa kwanza ni uokoaji umeme: kadi inazima sehemu zake pakiti zikipungua na inachelewa kuamka. Utaratibu wa kuokoa umeme kwenye Etheneti ulipitishwa rasmi mwaka 2010 kwa jina la 802.3az, na kwa mujibu wake kuamka huchukua sehemu ndogo mno ya milisekunde, hakuna binadamu atakayehisi. Tatizo huja pale draiva na chipu zisipoelewana kuhusu nani anamwamsha nani.

Hata wakubwa wameshakumbwa na chipu zenye jina moja na tabia mbili. Mwaka 2020 ilibainika kwamba matoleo ya mwanzo ya chipu ya Intel I225, ya kasi ya gigabiti 2.5, yana kasoro kwenye nafasi inayoachwa kati ya pakiti na pakiti, na kwenye baadhi ya swichi pakiti zikawa zinapotea. Dawa ya muda ilikuwa kuishusha kasi hadi gigabiti 1. Tiba ilikuja na toleo jingine la chipu, lenye jina lile lile la I225. Kwa hiyo neno pacha kwenye ankara ya muuzaji lisomeni kama ahadi ya kasha.

Tulipakua draiva kutoka tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa modeli hiyo hiyo kamili, tukaiweka kwenye mashine moja tu. Mpangilio wa kuokoa umeme hatukuugusa, makusudi. Ping ikatulia chini ya moja. Tukaiacha ifanye kazi siku nzima mikononi mwa mhasibu, siku ya malipo, maana mashine ikipimwa na fundi asubuhi tulivu hujifanya malaika. Kesho yake tukaweka kwenye mbili, mchana kwenye nne zilizobaki. Mama meneja hakuupenda utaratibu huo. “Mwanangu, dawa umeipata, kwa nini unanipa kwa kijiko?” Nilimjibu kwamba dawa ikiwa na sumu, afadhali imkute mmoja. Alinitazama kwa muda, kisha akarudi dirishani kwake.

Na zile tatu zilizokula flashi? Tulizifuta diski zote tatu, hatukujaribu kusafisha. Nywila zote zilizowahi kuandikwa kwenye mashine hizo zilibadilishwa kutoka kwenye kompyuta nyingine. Kazi hiyo peke yake ilikula nusu siku. Laiti diski ile ingenakiliwa usiku ule, tungekuwa na ishirini na nne za kufuta na daftari zima la nywila za kubadilisha, na wanachama bado wako nje juani.

Si kila ucheleweshaji wa pacha ni draiva. Uko ugonjwa unaozaliwa na kunakili kwenyewe. Kwenye maabara zinazotumia Ubuntu, diski ikinakiliwa na faili la machine-id ndani yake, kompyuta zote hujitambulisha kwa jina moja zinapoomba anwani, na mbili zinaweza kupewa anwani ile ile. Hilo faili litolewe maudhui kabla ya kunakili, mfumo utaandika jipya ukiwaka. Anayebandika anwani ya kudumu kwenye mashine mama atavuna fujo hiyo hiyo hata kwenye Windows. Zipo pia adapta za USB za bei ya kutupa ambazo zimetoka kiwandani na anwani moja ya MAC zote. Swichi inapoona anwani moja kwenye matundu mawili hubaki inabadilisha mawazo. Dalili ni hii: kila moja ikiwa peke yake ni nzima, zikiwaka mbili zinaanza kupokezana kukatika. Ukiona hivyo, usiguse draiva. Linganisha anwani za MAC kwa amri ya getmac.

Kuna ushauri wa wazee wa kazi unaorudi kila mwaka: ingia kwenye mipangilio ya kadi, uifunge kwenye megabiti 100, njia mbili. Acheni. Upande mmoja ukifungwa hivyo na swichi ikabaki kwenye kujichagulia, swichi itashindwa kujua na itaangukia kwenye mwendo wa kupokezana, mmoja akisema mwingine anyamaze. Ping ya majaribio itapita vizuri, fundi atapokea posho yake na kuondoka, halafu kazi halisi ikianza mtandao utaburuza tumbo. Mpangilio huo ukiwa ndani ya diski mama, umeuharibu mtandao mzima kwa jioni moja.

Kwenye laptopu zinazotumia Wi-Fi, mkiona ping inarukaruka kuelekea milisekunde mia moja mashine ikiwa haina kazi, kumbukeni kwamba kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hutoa mlio wake kila milisekunde 102.4, na kadi iliyolala husubiri mlio huo ndipo ichukue pakiti zake. Hiyo si hitilafu ya kuitia mtu kiwewe.

Waya nao. Ugonjwa ukibaki mahali mashine zinapobadilishana, nendeni kwenye waya kabla ya kulaumu mtu. Madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba, umeandikwa Cat6 bila haya. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitokea weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini, na haukidhi kiwango hicho hata uandikwe nini kwenye ganda. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyuzi zilizo ndani ya waya; jozi moja ikilegea, mashine ikibahatika itashuka hadi megabiti 100 kimyakimya, isipobahatika itakuwa inakata na kuunga mchana kutwa.

Ninachowaomba kinahusu leo. Kama kuna diski inayosubiri kunakiliwa usiku huu, pimeni kwanza kila mashine kwa ping ya pakiti mia mbili kuelekea mashine nyingine iliyo kwenye swichi hiyo hiyo, maana baadhi ya ruta huipuuza ping zikiwa na kazi. Andikeni namba kwenye karatasi pamoja na REV ya kila kadi. Dakika tano kwa kila mashine. Zisizolingana na wenzake ziwekwe pembeni, na diski isiguswe mpaka sababu ijulikane.

Na kama tayari mmeshanakili diski iliyowahi kuonja programu ya kusasisha draiva ya bure, chomoeni nyaya za mtandao kwenye mashine hizo sasa hivi, kisha ndipo mumpigie fundi.